Leseni Mjini, Ng'ombe Nyika

Katika eneobunge la Nyali, mbwa akiugua hakosi daktari. Ukivuka daraja kutoka kisiwani ukashika Links Road, au ukafuata njia ya Bamburi, utazikuta kliniki za wanyama zenye meza ya upasuaji, jokofu la chanjo na karani wa kupokea simu. Wanaofikishwa hapo ni mbwa wa ulinzi, paka wa nyumbani na, mara moja moja, kasuku. Mifugo imebaki zaidi kwenye majina: wadi ya Ziwa la Ng'ombe, au Uwanja wa Mbuzi kule Kongowea, ambako siku hizi hukusanyika watu kwa mikutano. Wapo ng'ombe wachache wa maziwa wanaofugwa bandani nyuma ya nyumba, lakini hao hawatoshi kumweka daktari mjini. Kinachomweka ni mbwa, kwa sababu mwenye mbwa hulipa.

Ng'ombe wenyewe wako nyika. Pita Mazeras, pita Mariakani penye soko la mifugo, endelea hadi Samburu, Taru na Mackinnon Road, au kata kushoto uelekee Kinango. Upande wa kaskazini kuna Ganze na mnada wa Bamba. Huko mali ya nyumba ni zizi, na ada ya shule, mahari na gharama ya hospitali hutoka zizini. Kaunti ya Mombasa ina kilomita za mraba zipatazo 220 za nchi kavu. Kwale peke yake ina zaidi ya 8,000. Ukiziangalia takwimu hizo mbili, kisha ukajiuliza kliniki ziko wapi, utakuwa umekwisha kuuona mzizi wa mgogoro kabla hata ya kuifungua sheria.

Mgogoro wenyewe ni huu: nani ana ruhusa ya kumdunga sindano ng'ombe wa mtu mwingine na kulipwa kwa kazi hiyo? Madaktari wa mifugo wana jibu lao, wataalamu wasaidizi wana lao, na wahudumu wa kijijini waliofunzwa kwa wiki chache na mashirika ya misaada wana lao pia. Mfugaji hana haja na vyeti. Yeyote atakayefika na chupa na sindano kabla ng'ombe hajafa, yeye humwita dokta.

Sheria inayotawala leo nchini Kenya ni Sheria ya Madaktari wa Mifugo na Wataalamu Wasaidizi, namba 29 ya mwaka 2011. Ndiyo iliyoipa Bodi ya Madaktari wa Mifugo, maarufu kama KVB, mamlaka ya kuweka daftari la wanaoruhusiwa kufanya kazi. Daftari hilo lina daktari mwenye shahada ya udaktari wa mifugo, mtaalamu msaidizi mwenye shahada, na fundi mwenye stashahada au cheti kutoka vyuo kama vile vya Kabete, Nyahururu na Ndomba. Kila mmoja hutakiwa kuhuisha leseni yake mwaka hadi mwaka na kuthibitisha kwamba anaendelea kujifunza. Mhudumu wa kijijini hana ukurasa humo. Kwa mujibu wa utaratibu uliopo, kazi yake ni kuripoti ugonjwa. Aone ndama anavyohema, aone kupe walivyojaa masikioni, apige simu, kisha angoje.

Kungoja ndiko kunakoua. Chukua ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa masikioni mwa ng'ombe. Tezi zikishavimba na homa ikishapanda, ng'ombe wa gredi anaweza kufa katika muda wa wiki mbili hivi, na dawa hufaa zaidi ikitolewa mapema. Dawa yenyewe, buparvakwoni, hupimwa kwa uzito: mililita moja kwa kila kilo 20. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji mililita 15, na bei yake haimfurahishi mtu. Basi tazama kinachotokea mbele ya kaunta ya agroveti katika mji wowote mdogo wa Pwani siku ya soko. Mzee anaingia, anaeleza kwamba ng'ombe wake hali na masikio yamelala. Muuzaji haulizi uzito, wala mzee hana mizani. Buparvakwoni inatajwa bei, mzee anatikisa kichwa. Inashushwa oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ambayo ng'ombe huyo huyo angehitaji mililita 30, tena zigawanywe sehemu mbili tatu za mwili. Mzee ananunua chupa ndogo na sindano moja. Nusu ya dawa itaenda kwa ng'ombe, nusu itawekwa kwa ajili ya mbuzi anayekohoa. Hakuna aliyemwambia kwamba maziwa ya ng'ombe huyo hayafai kuuzwa kwa siku kadhaa, na hata angeambiwa, maziwa ndiyo nauli ya kesho.

Katika kisa hicho hakuna daktari aliyepokonywa mteja. Hakuna mhudumu wa kijijini aliyevunja sheria pia. Mfugaji amejitibia mnyama wake mwenyewe. Vurugu yote imepita katikati ya leseni bila kuigusa. Hilo ndilo jambo ambalo mijadala ya leseni hulikwepa mara nyingi, kwa kuwa pande zote hupenda kubishana juu ya mtu wakati dawa inazunguka yenyewe.

Haikuwa hivi siku zote. Sheria ya kwanza, sura ya 366, ilitungwa mwaka 1953, enzi za mkoloni, na ilimtambua daktari peke yake. Hilo halikumsumbua mtu kwa miaka mingi, kwa sababu wasaidizi waliajiriwa na serikali na walifanya kazi chini ya mwavuli wake. Serikali ilijenga majosho, ikapeleka uhamilishaji, ikachanja. Mambo yalibadilika miaka ya 1980 ilipokaribia kwisha, hazina ilipopungukiwa na wafadhili waliposhinikiza huduma zibinafsishwe. Mwaka 1988 serikali iliacha kumhakikishia kazi kila daktari wa mifugo anayehitimu. Muongo uliofuata, majosho mengi yalikauka. Maelfu ya wasaidizi wakajikuta na ujuzi mikononi lakini bila haki ya kufungua duka lao kisheria. Wakati huo huo, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, chama cha madaktari wa mifugo kiliendesha mpango wa mikopo wa kuwasaidia wanachama wake kuanzisha kazi binafsi. Waliokopa walielekea sehemu zenye ng'ombe wa maziwa na barabara za lami. Huwezi kuwalaumu: mkopo hulipwa kwa fedha, na nyika mara nyingi hulipa kwa ahadi ya mbuzi baada ya mvua.

Pengo hilo ndilo lililojazwa na wahudumu wa kijijini. Mashirika yaliwachagua wafugaji walioaminiwa na wenzao, yakawafundisha kutambua magonjwa machache, kutoa dawa za minyoo, kunyunyizia dawa ya kupe na kuchanja, yakawapa na mkoba wa kuanzia. Madaktari wakapiga kelele. Kwao, aliyefunzwa wiki mbili na kupewa dawa za kuua vijidudu ni kanjanja aliyebarikiwa na wafadhili.

Kilele cha ubishi huo kilifikiwa hapa Mombasa. Oktoba 2002, Ofisi ya Umoja wa Afrika ya Rasilimali za Wanyama iliitisha mkutano wa kimataifa mjini humu, kuanzia tarehe 15 hadi 18, kuhusu huduma za msingi za afya ya mifugo na sheria zinazofaa kuziongoza. Walikuja wakuu wa idara za mifugo, bodi za leseni, watafiti na mashirika. Hoja nzito kuliko zote mezani ilikuwa ile ya sotoka.

Sotoka, ule ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, ulikuwa, miaka kumi hivi kabla ya mkutano huo, umebanwa hadi pembe za mwisho: Sudan Kusini yenye vita, Karamoja, nchi ya Waafar kule Ethiopia, na ukanda wa Wasomali. Magari ya serikali hayakufika huko, au yalifika na kurudi mbio. Mtaalamu wa Kimarekani Jeffrey Mariner alikuwa ameshiriki kutengeneza chanjo inayostahimili joto kwa wiki kadhaa bila barafu. Kipande kilichokosekana ni mtu wa kuibeba kwa miguu. Wakabebeshwa wafugaji wenyewe. Mapema miaka ya 1990, vijana wa Kiafar na wa Sudan Kusini walichanja ng'ombe kwa makumi ya maelfu, na vipimo vya damu vikaonyesha kwamba kinga waliyoijenga haikuwa duni kuliko ya timu za serikali. Mara ya mwisho virusi hivyo kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, hapa hapa Kenya. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa haina sotoka, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kutokomezwa na binadamu.

Mwaka ule ule wa 2011, Bunge la Kenya likapitisha sheria ambayo haikumpa nafasi mtu wa aina ile iliyoimaliza sotoka.

Haki itendeke lakini: sheria hiyo ilifanya jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza iliwatoa wasaidizi gizani, ikawapa namba, leseni na mahali pa kushtakiwa wakikosea. Msaidizi aliyehangaika miaka 20 akijificha sasa anaweza kuning'iniza cheti ukutani. Tatizo ni kwamba mstari ulichorwa kwenye cheti cha chuo, na chuo kiko mbali na Mwereni, kule Kwale. Kijana aliyetoka Kinango akasomea Kabete miaka miwili mitatu, akirudi, hurudi na matumaini ya mshahara. Asipoupata kwenye kaunti, atafungua agroveti Ukunda au Mtwapa.

Wanaotetea sheria kali wana hoja ambazo haziondoki kwa kutaja sotoka. Chanjo moja ya ugonjwa mmoja ni kazi tofauti na mkoba uliojaa dawa. Twende Shimba Hills, ambako mbung'o hawajaisha na nagana wanayoieneza ni adui wa kila msimu. Dawa za kuitibu ni chache mno. Diminazini na isometamidiamu zimetumika tangu miaka ya 1950 na 1960, na nyingine mpya haionekani njiani. Kila anayetoa dozi pungufu humfundisha kimelea namna ya kuishi na dawa. Anayekadiria uzito kwa jicho, akapunguza ili chupa ifike kwa ng'ombe watatu, anaiharibu dawa ya jirani pia.

Au homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya, na Tana River na Kilifi zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoguswa, kabla hata hazijaitwa kaunti. Virusi vikishaingia zizini, kuchanja kundi zima kwa sindano ile ile kunaweza kuvihamisha kutoka mnyama hadi mnyama. Mtu mwenye nia njema na mafunzo ya wiki mbili anaweza, kwa asubuhi moja, kuusambaza ugonjwa aliokuja kuuzuia. Tena kuna mimba zilizotoka, ambazo atakayezishika bila glavu anahatarisha maisha yake. Daktari anayesema kwamba kazi hii si ya kila mtu hasemi kwa kulinda tumbo lake tu.

Kisha kuna bandari. Mbuzi, kondoo na ngamia wa Kenya wamekuwa wakitafutiwa soko Uarabuni kwa muda mrefu, na mwaka 2000 Saudi Arabia ilifunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika baada ya homa hiyo hiyo kuzuka kwao na Yemen. Serikali imeitaja Bachuma, kule Taita Taveta, kuwa eneo la kuandaa mifugo ya kuuzwa nje. Mnunuzi wa Jeddah haangalii mbuzi. Anaangalia sahihi iliyo kwenye karatasi, na sahihi hiyo ina thamani kwa sababu kuna bodi inayoweza kumfuta aliyeitia. Legeza leseni ovyo, na sahihi itashuka bei.

Kwa hiyo pande zote mbili zina ukweli, ila ukweli wao uko sehemu tofauti. Wa upande wa daktari uko kwenye maabara na bandarini. Wa upande wa mhudumu uko zizini saa tatu usiku. Sheria iliyoandikwa kwa kuangalia bandari ikilazimishwa zizini, itatiiwa na nani?

Kuna kizingiti kingine ambacho wengi hawakijui. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliwapa magavana huduma za mifugo, lakini ikaongeza maneno machache kwenye mabano: isipokuwa usimamizi wa taaluma yenyewe. Tangu mwaka 2013, basi, kaunti ndiyo inayoajiri, inayonunua chanjo na inayolaumiwa mbuzi wakifa. Nairobi ndiyo inayoamua nani anaitwa mtaalamu. Waziri wa mifugo wa kaunti hawezi kumpa leseni mhudumu wa Taru hata akitaka. Anachoweza ni kuajiri daktari wa kumsimamia. Na hapo ndipo kaunti nyingi hunyamaza, maana ni rahisi kulalamikia sheria ya Nairobi kuliko kutenga mshahara.

Na usimamizi ndio roho ya jambo. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani humweleza mtaalamu msaidizi kuwa mtu anayefanya kazi alizoruhusiwa na chombo cha leseni, chini ya dhamana na maelekezo ya daktari. Mwaka 2024 shirika hilo lilitoa pia mwongozo wa ujuzi na mafunzo kwa wahudumu wa kijijini, dalili kwamba hata wakubwa wa taaluma wameacha kujifanya kwamba watu hao hawapo. Lakini maelekezo ya daktari yana maana ikiwa daktari anajulikana jina, anapokea simu na anaweza kufika. Msimamizi aliye kwenye karatasi tu ni muhuri wa mpira.

Ng'ambo ya mpaka, hatua chache kutoka Lunga Lunga, Tanzania ilichukua njia yake mapema. Sheria ya Veterinari namba 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, likapewa kazi ya kuwasajili madaktari na kuwaorodhesha wasaidizi kwa ngazi kadhaa, wenye stashahada na wenye cheti. Wengi wa wasaidizi hao hutoka kwenye kampasi za Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, ikiwamo ile ya Buhuri mjini Tanga. Ngazi ni nyingi zaidi, lakini kule nako cheti ndicho kinachofungua mlango, na wilaya za wafugaji bado hulilia wataalamu.

Wala asidhani mtu kwamba huu ni ubishi wa nchi maskini. Novemba 2024 wapiga kura wa jimbo la Colorado, Marekani, waliulizwa kama waruhusu daraja jipya la mtaalamu wa mifugo, chini ya daktari na juu ya fundi. Vyama vya madaktari vilipinga vikali kwa maneno ambayo yangesikika ya kawaida kabisa Kabete: mafunzo mafupi, hatari kwa mnyama, mkanganyiko kwa mteja. Pendekezo likapita kwa kura chache zaidi ya nusu. Huko pia malalamiko yalikuwa kwamba vijijini hakuna daktari.

Mhudumu wa kijijini, kwa upande wake, asipambwe kuliko anavyostahili. Miradi mingi ilimfunza, ikapiga picha, ikaondoka. Mkoba ulipokwisha dawa hakuwa na mtaji wa kuujaza. Aliyebaki kazini mara nyingi aliishi kwa faida ya chupa, na anayeishi kwa faida ya chupa ana kila sababu ya kumwona kila mnyama mgonjwa. Kumpa leseni mtu huyo bila kubadilisha namna anavyolipwa ni kuhalalisha tatizo. Wala si kweli kwamba mfugaji hawezi kulipa kabisa. Humlipa muuzaji wa dawa kila wiki. Anachokataa ni kumlipia daktari mafuta ya gari kutoka mjini kwa ajili ya mbuzi ambaye, akiuzwa, hatarudisha gharama hiyo.

Hukumu ya haki, kwa kuutazama ushahidi wote huu, ni kwamba Bodi ilikuwa sahihi kudai leseni na ilikosea kudhani kwamba leseni lazima iwe cheti cha chuo. Kazi ya kuchanja sotoka ya mbuzi (ugonjwa mwingine, si ule uliotokomezwa), kutoa dawa ya minyoo, kunyunyizia dawa ya kupe na kutuma sampuli hadi maabara ya Mariakani ni kazi inayoweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Mhudumu apewe leseni ya ukurasa huo tu, ya mwaka mmoja, yenye jina la daktari anayemsimamia, na ifutwe akikutwa na dawa isiyokuwemo. Alipwe na kaunti kwa kila mnyama aliyechanjwa na kila taarifa iliyothibitishwa, si kwa chupa aliyouza. Nguvu ya ukaguzi ielekezwe kwenye kaunta ya agroveti. Kanuni za dawa za mifugo za mwaka 2015 zimekwisha kuipa serikali chombo cha kufanya hivyo. Kilichobaki ni kuacha kuwinda mtu mwenye mkoba mmoja huku duka zima likiuza bila kuuliza.

Sehemu moja ya haya inahitaji Bunge, na Bunge huchukua wakati wake. Sehemu nyingine haihitaji sheria mpya. Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta zimo tayari ndani ya Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Zinaweza kuajiri kwa pamoja madaktari wasimamizi, mmoja kwa kila eneo la wafugaji, wenye pikipiki, simu na bajeti ya mafuta, kisha ziende kwa Bodi zikiwa na majina mkononi na kuomba leseni ndogo zijaribiwe chini yao. Magavana watakapokaa kupanga bajeti ijayo, mfugaji wa Bamba na wa Kinango ana haki ya kuwauliza mstari huo uko ukurasa wa ngapi.